Fomu Namba Saba, Hamriya

Nimepanda ngazi saa nne asubuhi.
Joto limenitangulia, limeketi kila kidato.
Mkononi fomu, kalamu, na kipima unyevu
kinacholia kama kifaranga ukikigusisha ukutani.

Hakikulia.

Naandika: ukuta mkavu.
Mabomba mapya. Nyaya zimesitiriwa,
hazining'inii tena ukumbini kama nguo za ndani.
Kiyoyozi kinapumua bila kukohoa.
Yote kweli. Mafundi walistahili ujira wao.

Chumba cha tatu, Bi Shinuna kaitambua lafudhi:
"Wewe wa Wete, au wa Chake?"
Mama ndiye wa Wete. Mimi nimezaliwa hapa, Ruwi.
Kanimiminia kahawa, kanisogezea tende,
kisha kanionyesha mwimo wa mlango.
"Hapa palikuwa na alama za penseli.
Kimo cha Muhsin, Idi hadi Idi.
Wamepaka rangi juu yake. Sisemi kitu. Rangi nzuri."

Swali la kumi na moja: je, umeridhika?
"Andika ndiyo."
Na kodi?
"Ilikuwa riali sitini na tano. Sasa tisini.
Iliyozidi analipa Muhsin. Mungu ampe."
Na jirani yako, fundi cherehani?
"Jamaluddin? Yeye Muhsin wake yuko wapi?
Kahamia Barka, yeye na cherehani yake,
nyuma ya pikapu ya watu.
Kanzu yangu alikuwa hajaimaliza.
Ilinifikia baada ya wiki, kwa mkono wa dereva,
imepigwa pasi, vifungo vyote sita."

Chumba cha nne anakaa mhasibu,
kijana, maboksi yake hajayafungua.
"Safi sana," anasema. "Tia tano."
Nikatia tano.

Ofisini Bwana Harith anajumlisha:
tisini na mbili kwa mia wameridhika.
Nimeirudia hesabu mara mbili, haina kosa.
Tumewauliza waliobaki.
Habari ya njaa tumeichukua kwa walioshiba,
wakiwa bado wananawa mikono.

Fomu haina kisanduku cha aliyeondoka.
Basi nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo:
*Jamaluddin, fundi cherehani, chumba cha nne.
Yuko Barka. Aulizwe.*

Bwana Harith kavua miwani.
"Na hii nini?"
Unyevu, nikamwambia.

Kaitazama karatasi, kanitazama mimi.
Mpaka jioni natoka, alikuwa hajaifuta.
Wala hajaipiga muhuri.