Daftari la Madeni

Matanga yalipoisha, turubai likarudi kanisani,
zikabaki sufuria za watu
na karatasi za baba.

Mwenye duka haachi ng'ombe, huacha karatasi:
maboksi ya sabuni chini ya kitanda,
mifuko ya saruji,
magazeti ya kufungia karanga
yaliyosomwa kwanza Kasese, ndipo yakapanda mlima
yakiwa na habari zilizochoka,
kalenda za wagombea walioshindwa,
na madaftari kumi na moja ya madeni.

Nilivuta yote hadi nyuma ya choo,
nikawasha kiberiti.
Ndivyo tulivyolelewa Kyarumba: karatasi ni jivu lililochelewa.
Mama akaja na beseni, akamwaga maji bila kuuliza.
"Moshi huu ndio uliomkohoza baba yako."
Si kweli, baba alikufa kwa sukari,
lakini nani abishane na mjane
mwenye beseni tupu mkononi?

Kabugho, mama yangu, aliishia darasa la tatu,
ila karatasi anaijua kwa vidole.
Huisugua kama anayenunua kitenge:
hii italainika,
hii ina nailoni tumboni,
hii ya kung'aa haiozi, weka kando.

Maboksi tukayavua tepu na pini,
tukayalaza chini ya migomba,
tukayafunika majani makavu,
magugu yatafute kwao.
Magazeti yakalowa siku tatu kwenye pipa lililokatwa,
yakawa uji wa kijivu.
Tukaukanda na makapi ya kahawa,
tukafinyanga matonge, tukayaanika batini
hadi yakawa mepesi kama mkate wa juzi.
Jioni moja akayatia jikoni.
"Na huu si moshi?" nikamuuliza.
"Huu unapika maharage."

Yakabaki madaftari.

Ithungu wa mtoni: chumvi, mafuta ya taa, chumvi.
Baluku fundi baiskeli: sukari nusu, sukari nusu,
panadoli mbili, *atalipa kahawa ikiiva*.
Kahawa imeiva mara nne tangu hapo.
Na mwisho wa daftari la saba, jina langu,
kwa mwandiko uleule wa wateja:
ada, muhula wa pili.
Basi. Hakuna mstari wa kufuta.

Tangu mazishi watu walilipita duka letu
wakitazama miguu yao.

Mama akachukua chupa ya soda,
akachana ukurasa, akauzungushia,
akakunja kitako, akaichomoa chupa:
kikombe.
Akajaza udongo na samadi ya mbuzi iliyopoa,
akabonyeza mbegu ya boga kwa kidole gumba.
Kufikia Jumamosi vilikuwa mia moja na kitu,
vimepangwa kivulini mwa ukuta,
hesabu zikitazama nje.

Wiki ya tatu akanituma nyumba kwa nyumba,
kila mtu na mche wake, ndani ya deni lake.
Ithungu alicheka hadi akakaa chini.
Baluku aliusoma mche kwanza, mbele na nyuma,
kisha akanifuata hadi dukani:
"Na nani atajua kwamba nimelipa?"
Mama hakuinua kichwa.
"Chimba shimo. Karatasi usiitoe.
Mizizi itapita yenyewe."

Wagombea wako bado pembeni ya duka,
wanang'aa, wanatabasamu.
Dawa yao hajaipata.

Mche wangu niliupakata hadi Kasese.
Ua wa nyumba ninayopanga ni saruji tupu,
isipokuwa kiganja cha udongo nyuma ya tangi.
Nilipouinamisha kuupanda, kikombe kililegea,
na mzizi mmoja, mweupe kama uzi wa kushonea,
ulikuwa umekwisha kutoboa
kati ya *muhula* na *wa pili*.

Sikuugusa. Nikafukia.