Hamsini na Tisa

Bunda langu lililala kwenye kopo la maziwa ya unga,
kifuniko nimekibana kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.
Kadi sitini. Hata mke wangu alidhani ni akiba ya karo,
akaliheshimu kopo, akalipangusa vumbi kila Ijumaa.

Usiku, Bondeni ikishanyamaza,
nilicheza dhidi yangu: mkono wa kushoto ukishambulia,
wa kulia ukijitetea, nami katikati,
mwamuzi asiyeaminika.
Hapo ndipo nilipomgundua Kinyonga,
kadi ya shilingi kumi, watoto huwekea alama vitabuni:
ukimficha mkononi hadi zamu ya saba
humgeuza Fisi wa Radi kuwa fisi tu.

Nilicheka gizani peke yangu, kama mwizi aliyejiibia.

Jumamosi tulikutana nyuma ya duka la fotokopi la Wangechi,
kati ya rimu za karatasi na harufu ya wino moto.
Nilileta bunda bandia, nikashindwa kwa makusudi,
nikapiga miayo. Njogu alificha kadi hadi ndani ya kofia.
Nyakundi na nduguye waliingia Kigusii kila mchezo ulipokaza.
Tulikuwa chama cha watu waliopeana migongo.

Kisha akaja Chelagat, muuza dawa za mifugo,
akafungua daftari la kurasa tisini na sita,
akalitua mezani kama mtu anayetua sufuria.
"Hili ndilo bunda langu. Nakilini.
Mkipaona pa kunipigia, nipigeni."

Tulitazamana. Mtu huyu, tukasema,
ama ni mjinga ama ametega.
Nikatoa nakala. Nani asingetoa?
Wangechi alitoza shilingi tano kila ukurasa.
Tulimsoma ili kumpiga, si kumwiga.

Na wiki nane walimpiga. Njogu alimlaza kwa Daraja Lililokatika;
naye, badala ya kununa, akavuta kalamu:
"Rudia. Polepole. Hapo ulifikiria nini?"
Akafuta kadi mbili, akaandika nyingine,
daftari likarudi mezani chafu zaidi,
lina miandiko ya watu sita.
Nyakundi akasahau Kigusii chake.
Njogu akavua kofia; kumbe ana upara.
Mimi nikaendelea kupiga miayo.

Kisumu, Agosti. Ukumbi wa kanisa, pangaboi bovu,
kadi zikinata vidoleni kwa jasho.
Mchezo wa kwanza, Kinyonga akafanya kazi yake. Wa pili pia.
Nikainua uso nione nani kashuhudia,
na hilo ndilo kosa: nilitaka kushuhudiwa.
Mchezo wa tatu, kijana wa Nyalenda, zamu ya sita, akatabasamu:
"Mtoe kinyonga wako, mzee, asije akakosa hewa."

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Lakini kata isiyotoka mtungini humnywesha nani?
Miezi kumi na moja ya usiku
ilikuwa imedumu michezo miwili.

Chelagat alifika fainali. Sikumtakia heri, nakiri.
Zamu ya mwisho akaweka kadi
ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona kwake.
Nyakundi akapiga ukemi. Viti vikaanguka.

Usiku ule, gesti, nilikunjua nakala yangu,
nikahesabu majina kwa kidole kama mtoto wa nasari.
Hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Nikageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

Wiki nane, watu sita, na hakuna aliyehesabu.
Aliyekufungulia nyumba nzima,
nani humkagua mifuko?

Asubuhi Njogu akauliza ile kadi ilitoka wapi.
Chelagat alinitazama, akachovya andazi kwenye chai.
"Joto la Kisumu," nikasema. "Kadi hunatana.
Labda ilikuwa nyuma ya nyingine."

Tangu hapo Kinyonga yuko daftarini, ukurasa wa kumi na mbili,
kwa mwandiko wangu, zamu ya saba nimeipigia mstari.
Kopo lina karo kweli sasa.
Nimebaki na siri moja tu,
na wala si yangu.