Madaftari Matatu

Mali bila daftari, walisema wahenga,
hupotea bila habari.
Hawakusema neno kuhusu mali
yenye madaftari matatu.

Tulianza na chumba kimoja, Kizota,
nyuma ya mashine ya kukamua alizeti.
Mzee Chilongani aliandika kwa kalamu ya bluu
kinachoingia, kwa nyekundu kinachotoka,
na kilicholiwa na panya alikichorea mkia.

Kisha wafadhili wakatupenda.
Ghala la pili Kibaigwa, la tatu Mpwapwa.
Kibaigwa walikuwa na kompyuta,
jedwali refu lililofungwa kwa neno la siri
alilolijua Zaituni peke yake,
na Zaituni alikuwa likizo ya uzazi.
Mpwapwa walikuwa na kadi, moja kila rafu,
na kichwa cha Mbeleje,
ambacho hakikuzimika hata umeme ulipokatika.

Januari ile zahanati moja ya Bahi iliomba dripu.
Nilitazama: sifuri.
Nikajibu: hakuna. Kwa mwandiko mzuri kabisa.
Kumbe Mpwapwa zilikuwepo katoni kumi na moja,
zimelala chini ya jina "maji ya mshipa",
zikingoja mtu azijue kwa jina hilo.
Sitasema kilichotokea Bahi.
Daftari langu halina safu ya hilo.

Basi mwaka huu tumejifungia siku tisa.
Upepo wa Dodoma unapenyeza vumbi chini ya mlango,
linakagua kila boksi, halina kitambulisho.
Tunabatiza vitu upya.
"Glovu," nasema mimi.
"Mipira ya mikono," wanasema Kibaigwa.
Mbeleje anachukua moja, anaipuliza,
inavimba kama kiwele chenye chuchu tano.
"Kwetu hii," anasema, "ni rafu ya nne, kushoto."
Tunacheka mpaka machozi.
Halafu tunagombana hadi saa kumi na moja
kama "moja" ni boksi, au ni jozi, au ni mkono.

Elineema, kijana wa mfumo, hachoki:
kitu kimoja, jina moja, namba moja.
Nikamfungulia daftari la Mzee,
ukurasa uliolowa ukakauka ukawa kama chapati:
*Vyandarua viwili. Mama wa pacha,
mvua kubwa, hakusaini, namfahamu.*
"Hii *namfahamu*," nikamuuliza, "inakaa wapi?"
Akatafuta. Akapata kisanduku cha Maelezo,
herufi arobaini, isizidi hata moja.
Tukahesabu kwa vidole, vichwa vimegusana.
Mama akaingia. Pacha wakaingia.
Mvua tukaiacha nje.

Siku ya kumi simu ya Bahi ikalia.
Niliandika neno moja, dripu,
na maghala yote matatu yakaitika kwenye mstari mmoja:
Kizota sifuri, Kibaigwa ishirini na tatu,
Mpwapwa arobaini na moja.
"Zipo," nikasema.
Sauti yangu ilikwama, nikakohoa,
nikasingizia vumbi.

Jioni nilimwomba Elineema namba moja zaidi.
Hakuuliza ya nini. Aliliona mkononi mwangu.
*Daftari, la kaunta, limetumika.
Idadi: moja.
Mahali: Kizota, rafu ya juu.
Maelezo: halitoki.*