Jumanne, Juu ya Duka la Dobi

Saa moja usiku, mjini Barnsley. Chini yetu
mashine zinasokota mashuka ya watu
na sakafu inatetemeka kidogo,
kama mtu aliyetaka kuuliza akaghairi.

Rebwar huanza. Kila wiki ni yeye,
unga wa tanuri bado uko kwenye nyusi.
"Mwalimu, nimenunua mkate.
Kwa nini Kiingereza kinanihoji mkate gani?
Mkate ni mkate."
Nikamwambia: ukiutaja mara ya kwanza ni mgeni,
mara ya pili keshakuwa mwenyeji,
unampa "the" kama unavyompa mtu kiti.
"Na jua? Limeingia lini?
Mbona lina kiti tangu asubuhi?"
Jua ni moja tu, nikasema.
"Mama yangu pia ni mmoja tu," akasema Rebwar,
"na hamkumpa kitu."

Nikafuta ubao uliokuwa safi.

Nhung, anayepaka watu rangi za kucha karibu na stendi,
anauliza kwa nini panya wakizidi hubadili jina
na kondoo wakijaa bonde zima wanabaki kondoo.
Kondoo hawajali, nikajibu.
Akaiandika. Jamani, akaiandika,
kwa wino wa kijani, akaipigia mstari.

Sikuwaambia habari za baba.
Alichimba makaa miaka thelathini na mmoja
na alisema "I were":
nafsi moja, kitenzi cha wengi,
kama wote waliopanda naye kutoka shimoni.
Niliporudi na cheti changu cha ualimu
nilimsahihisha mezani, Jumapili, mbele ya shangazi Doreen.
Aliweka uma chini.
Baada ya hapo aliniambia maneno machache.

Machache: hilo nalo huniuliza sana.
Ni "fewer" au ni "less"?
Tazameni, nawaambia, kama kitu kinahesabika.
Maneno yake niliweza kuyahesabu.
Ule ukimya, hapana.

Halina amekuja na fomu ya halmashauri.
Ameijaza kwa herufi za mtoto wa shule, zilizonyooka:
*Mume wangu ameishi hapa miaka kumi na minne.*
Kalamu yangu nyekundu ikafika juu ya neno
ikasimama.
Zbyszek tulimzika Februari. Nilipeleka keki.

Kanuni ni nyepesi, hata kitabu cha mwanzo kinayo:
*ameishi* ni wa aliye bado ndani,
*aliishi* ni wa aliyefunga mlango.
Silabi moja tu inawatenga.

"Najua ni kosa," akasema, kabla sijafungua mdomo.
"Nauliza tu, lini hubadilishwa?
Siku ile ile? Baada ya mazishi?
Viatu vyake vikiwa bado mlangoni,
inaruhusiwa?"

Kitabu kina kurasa tisa za wakati timilifu.
Nilizipitia zote nikijua haimo.
Rebwar alitazama dirisha. Nhung alifunga kalamu yake.
Chini, mashine moja ikamaliza kuzunguka, ikalia.

Fomu inataka *aliishi*, nikasema.
Akaandika *aliishi*.
Kisha pembeni, kwa penseli,
pale halmashauri wasipotazama,
akaliandika lile jingine, dogo,
nami sikulisahihisha.

Nyumbani nilitia maji birikani.
Nilisimama na koti langu mwilini
nikasema kwa sauti, "I were wrong, Dad,"
kwa lafudhi yake, si yangu ya chuoni.
Birika likachemka, likajizima.
Nikasema tena, maana mara ya kwanza
nilikuwa nimeharakisha.