Kozi wa Saa Nane na Nusu

Tiketi ya familia: wakubwa wawili, watoto watatu.
Sisi tulikuwa wakubwa watatu, watoto wawili,
basi Bibi Nesta akajikunyata ndani ya koti la mvua la Lowri,
na msichana wa dirishani, mjukuu wa jirani yake,
akatazama pembeni, akatupa chenji.

Ngome yenyewe ilikuwa meno manne ya mawe
kwenye ufizi wa majani mabichi.
Mvua ya Wales hukupa kama anayekuazima kitu:
kidogo, halafu anakirudia.
Tulikula mikate ya mayai garini, vioo vikafuka,
Macsen akachora samaki kwa kidole,
samaki akatiririka.

Baba hakutaka kuja. Hakusema.
Alishika funguo kama aliyesahau zinafungua nini.
Machi ile tuliuza kondoo wote, mia mbili na kumi,
na mbwa wetu Mot akaenda nao,
kwa sababu mbwa wa kondoo asiye na kondoo, alisema Baba,
ni mateso.

Saa nane na nusu. Kipaza sauti kikakohoa.
Kijana Gethin, glavu ya ngozi hadi kiwikoni,
akamvua kozi kofia yake ndogo.
"Mabibi na mabwana, huyu ni Siwan.
Atazunguka mnara, atarudi hapa mkononi
kabla hamjahesabu ishirini."

Tukahesabu ishirini.
Tukahesabu tena, kwa Kiwelisi, labda ndiyo lugha yake.
Siwan alikuwa juu kabisa ya mnara
akijichambua manyoya
kama mwanamke aliyewahi mno harusini.

Gethin akazungusha chambo kwenye kamba
mpaka bega likamsaliti.
Akatueleza kasi ya kozi, uzito wa kozi, macho ya kozi.
Yalipomwishia ya kozi akaingia ya kwake:
kwamba zamani alikuwa fundi wa kuchomelea,
kwamba mama yake ndiye yule anayeuza aiskrimu,
kwamba wiki jana pia hakushuka.
Mama yake akapunga kijiko.

Ndipo Baba,
ambaye tangu Machi alizungumza kama anayelipia kila neno,
akatia vidole viwili kinywani
akapiga mbinja.

Mbinja ile naijua.
Ndiyo iliyokuwa ikivuka bonde kabla hatujaamka,
ndefu, inakatika, inapanda:
njoo, zunguka kulia, lala.

Kozi hakugeuza hata shingo.
Lakini kutoka nyuma ya viti, kutoka chini ya meza ya keki,
kutoka mkononi mwa bwana mmoja aliyebaki na kamba tupu,
mbwa watatu wakaja mbio, matumbo yakifagia majani,
wakalala mbele ya viatu vya Baba
wakingoja kuambiwa kondoo wako wapi.

Nani alianza kupiga makofi sijui.
Uwanja mzima ukafuata, na mwavuli mmoja ukaruka.
Gethin alisema, "Mabibi na mabwana," akashindwa kumalizia.
Masikio ya Baba yakawa mekundu
kama ile rangi tuliyowapaka kondoo mgongoni
ili wasipotee kwa watu.

"Basi," akawaambia mbwa, kwa sauti ya chumbani. "Nendeni kwenu."
Wawili wakaenda.
Wa tatu, jike mwenye jicho moja la bluu,
akatufuata mpaka garini,
na Baba akachuchumaa kusoma kibati cha shingoni mwake,
akakisoma pole pole, pande zote mbili,
ingawa sote tulimwona mwenyewe anakuja na kamba yake.

Mama alisema tiketi zile hazirudishwi pesa.
Lowri alitaka koti lake.
Kwenye kona ya chini Bibi Nesta aligeuka nyuma:
"Huyoo! Anashuka!"
Hatukugeuka. Mbele yetu kulikuwa na trekta la mtu,
tuko gia ya pili,
na Baba, pasipo kutia vidole, kwa meno tu,
anapiga mbinja.