Kutoa Chumvi

Kwanza alitoka mkunga,
mnene kama paja la mtu mzima.
Alichungulia kwenye mlango wa paa,
akatutazama sisi wa kwenye tishari
kama mwenye nyumba aliyegongewa usiku wa manane.
Anselme akavua kofia. Akamwambia, "Samahani, bwana."
Winchi ikaendelea kuvuta.

Kifaru hiki kilishonewa sketi ya turubai
ili kielee. Tani thelathini na ushei, na sketi.
Walikijaribu kwenye ziwa tulivu, kikaelea;
asubuhi ya vita hakuna aliyeiuliza bahari ya Normandi
kama nayo ni ziwa.
Wimbi la tatu likaingia bila hodi.
Wanne waliruka. Wa tano alikuwa dereva,
na mzinga ulikuwa umelalia mlango wa dereva.

Nyavu za babu yake Anselme zilipajua mahali hapo
kabla ya ramani yoyote.
"Pale kwa mla-nyavu," wavuvi walisema, wakapinda usukani.

Sasa kiko bandani kwetu, nyuma ya kiwanda cha siagi,
ndani ya birika la maji ya magadi makali.
Watoto wa shule huuliza: mbona hamkikaushi?
Kikikauka kinakufa, nawajibu.
Miaka sabini na kitu baharini hakikufa;
miezi michache ya hewa safi
ingekibandua vipande kama mkate wa juzi.
Chumvi iliyojibanza ndani ya chuma ikionja hewa
hufanya kazi usiku na mchana, haidai mshahara.
Basi twapitisha umeme kidogo,
viputo vinapanda, chumvi inatoka
punje kwa punje, kama deni la maskini.

Kila Jumatatu mimi, Odile Vautier,
nachota glasi moja, napima, naandika.
Mia nane na arobaini.
Mia sita na tatu.
Mia sita na tatu.
Mia tano tisini: siku hiyo tulinunua keki.
Chini ya magamba ya chaza tulikuta rangi ya kijani bado mbichi,
kijiko kilichopindwa mpini,
na soli ya kiatu, mguu wa kulia.
Kijiko nimekipa birika lake dogo, dirishani.

Mwezi wa Machi alikuja Bi Winifred Askew kutoka Grimsby,
miaka tisini na minne, naye amekula chumvi nyingi,
dada yake dereva.
Mzinga hakutaka kuuona. Kiti alikikataa.
Alisimama ukingoni akitazama viputo,
mkoba ameukumbatia kama kuna atakayeuiba.
"Clement alikuwa na miguu mikubwa," alisema.
"Mama alilia kila alipomnunulia viatu."
Nikamletea soli. Akaipima kwa shubiri,
mara moja, na nusu ya pili,
akanirudishia.

Kisha: "Hiyo chumvi, ikishatoka, mnaipeleka wapi?"
Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine.
Nikamweleza: magadi tunayapoza ukali,
tunafungulia mtaro; mtaro huenda mtoni,
na mto, unajua mwenyewe mto uendako.
"Pale pale?"
"Pale pale, Bibi."
Akacheka kwa pua, kicheko kifupi cha msichana
aliyemfuma kaka yake akirudi nyumbani kwa kunyatia.
"Basi mnamrudisha kwa vijiko," alisema,
akaomba aonyeshwe choo.

Jumatatu iliyofuata nilichota glasi yangu.
Mia nne kumi na moja.
"Anataka miaka mingine mitatu, huyu," nikamwambia Anselme.
Alikuwa akifuta miwani. Akaitikia kwa kichwa.
Nilitamani nichovye kidole, nionje.
Magadi yangeniunguza ulimi.
Nikaandika namba, nikaandika tarehe,
nikamfunika.