Mti Mwingine

Usharika wanataka bakuli la ubatizo.
Pete nane, kila pete vipande kumi na viwili,
tisini na sita, kabla sijawasha mashine ya kukereza hata mara moja.
Mchungaji alichora kwa kalamu ya bluu nyuma ya bahasha ya sadaka:
hapa mawimbi, hapa msalaba, usivuke Pasaka.

Zamani ningekung'uta mfuko wa saruji,
nikaazima bikari ya Ndeshi, ile iliyolegea kiuno,
nikachora uani nimepiga magoti.
Lakini nusu digrii, jamani. Nusu tu,
kwa mikato ishirini na minne,
inazaa digrii kumi na mbili,
na pete inakenua kama mtoto wa darasa la kwanza.
Nimewahi kuchemshia maharage kuni za mpingo, mimi.
Mpingo!

Basi mpwa wangu Aminieli akapanda kutoka Pasua
na kompyuta ya mtumba ndani ya mfuko wa sukari.
"Shangazi, chagua."

Ya kwanza inataka dola kila mwezi, kama mwenye nyumba;
ukichelewa anafunga mlango na bakuli lako limo ndani.

Ya pili ni ya bure, inaishi mtandaoni.
Umeme ulipokatika saa nane mchana
pete yangu ya tano iliondoka nao.
Haijarudi.

Ya tatu, ee, ya tatu inalizungusha bakuli kiooni,
juu, chini, linang'aa kama limepakwa mafuta.
Nililizungusha mpaka chai ikapoa
na mteja wa miguu ya kitanda akajiondokea.
Nikatafuta pa kuandika unene wa msumeno: hapana.
Kwake yeye msumeno hauli mti.
Wangu hula milimita tatu kila unapopita,
na vipande ni tisini na sita, hesabu mwenyewe
ubao unaoishia kwenye nywele zangu.

Na zote zimejaa miti ya watu.
Majina yanayoukwaza ulimi, miti ya nchi za theluji.
Theluji ninayo, naiona asubuhi mawingu yakiridhia,
lakini haijawahi kuniletea mbao.
Mninga: hakuna.
Loliondo: hakuna.
Mringaringa, unaoota hapo nyuma ya choo: hakuna.

Ya nne ni kongwe. Kijivu kama fomu ya halmashauri,
haizungushi kitu, haichezi.
Unailipia mara moja, bei ya magunia mawili ya mahindi.
Inauliza unene wa msumeno kabla ya jina lako.
Na chini kabisa kuna kisanduku kitupu: *mti mwingine*.
Nikaandika kwa kidole kimoja, m, r, i, n, g, a,
nikimaliza nikasubiri ukali.
Ikakubali.

"Hii."
"Mbona mbaya, Shangazi?"
"Hata tupa ni mbaya."

Jana nimeunga pete ya kwanza.
Programu ilisema pengo: sifuri.
Lakini masika yako juu ya bati siku ya tisa,
na mbao zimekunywa bila kumwambia mtu.
Nikagundisha nusu pete, na nusu yake,
viungo viwili vya mwisho nikaviacha vikavu,
nikavisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo
mpaka mwanga wa dirisha ukakosa pa kupita.
Hilo halimo ndani ya kompyuta. Nimelitafuta.

Leo Mchungaji kapiga simu.
Baraza limekaa; je, msalaba unaweza kuwa mkubwa kidogo?
Nikabadili namba moja.
Pete nne zikajipanga upya, kimya, bila kunung'unika,
kazi ambayo mfuko wa saruji ungenilia wiki nzima.

"Inawezekana, Mchungaji," nikasema,
nikavuta pumzi, kama mtu aliyelemewa,
ndipo nikamtajia bei.